Kigingi cha Mwisho

Sajenti Pryce alijigonga kichwa kwa mara ya nne tangu Jumatatu, na safari hii hakutukana. Alisimama mlangoni mwa Nyumba ya Sufu akijipapasa paji la uso, akampisha mkubwa wake. Inspekta Rowena Tuckwell alipita wima. Mungu alimnyima urefu, na katika mji wa Ledminster, ambako nyumba za kale zilijengwa na watu wafupi walioogopa baridi kuliko kitu kingine chochote, kunyimwa huko kulikuwa neema.

Gilbert Rudge alikuwa ameketi kwenye ngazi, palepale alipoketi Jumatatu. Alikuwa fundi seremala wa miaka hamsini na sita, mpana wa mabega, na mvi zake zilijaa vumbi la mwaloni. Jumatatu hiyo alikuwa akibomoa ukuta kando ya dohani, bomba la moshi, ili aifikie nguzo iliyoliwa na wadudu, akakuta nyuma yake kijichumba chembamba ambacho hakimo katika mchoro wowote. Ndani ya kijichumba mlikuwa na shuka lililokunjwa vizuri, na ndani ya shuka mlikuwa na mifupa. Miguuni kulikuwa na viatu vyekundu vya kamba. Gilbert hakuhitaji kuambiwa na daktari ni nani. Viatu vile ndivyo alivyokuwa akimtania navyo dada yake Dilys kiangazi cha mwaka 1984, akimwita zimamoto, kabla Dilys hajatoweka Jumamosi moja akiwa na miaka kumi na tisa.

Aliwapigia polisi simu mwenyewe, kisha akakaa kwenye ngazi mpaka wakaja. Leo ilikuwa Alhamisi, na kwa jinsi alivyoonekana ungedhani hajainuka.

Kwa miaka arobaini mtu huyu ndiye aliyekuwa akiwasumbua polisi wa Ledminster. Kila Agosti alifika kituoni kuuliza kama kuna habari za dada yake. Tuckwell alilikuta faili likiwa nene kwa barua zake. Mji wote uliamini kwamba Dilys aliondoka au aliuawa na mpenzi wake, Terence Oakshott, kijana wa pikipiki. Gilbert aliamini zaidi ya wote, na mwaka 1985 alimvunja Terence taya mbele ya baa. Tuckwell alikwenda kumwona Terence juzi, katika mji wa jirani, anakotengeneza mashine za kukatia majani. Jumamosi ile Terence alikuwa hospitalini na mguu wa plasta, na daftari la hospitali lilithibitisha. Alipolisema hilo mwaka ule hakuna aliyehangaika kwenda kulitazama. Taya lake lilikaa upande mpaka leo. Hakulalamika, aliuliza tu kama Gil sasa ameridhika.

"Nieleze tena ukuta wenu huu unavyojengwa," Tuckwell alisema. "Nieleze kama mtu asiyejua kitu."

"Hakuna cha kama hapo, Inspekta. Hujui kitu."

Lakini alieleza, na sauti yake ikapata uhai kidogo. Kwanza yanasimama mambao makubwa, nguzo na boriti, ulimi wa hii ukiingia kwenye tundu la ile, na katikati ya kiungo kinapigwa kigingi cha mwaloni. Msumari hakuna, nyumba nzima inashikwa na vigingi. Kisha, kati ya nguzo na nguzo, zinasimamishwa fito za mwaloni, vichwa vikiingia kwenye matundu ya boriti ya juu na miguu ikisukumwa kwenye mfereji wa boriti ya chini. Fito zinasukwa kwa vijiti. Halafu udongo, nyasi kavu na mavi ya ng'ombe vinakanyagwa pamoja mpaka vishikane, na ukuta unakandikwa.

"Anakandika mtu mmoja?" Tuckwell aliuliza.

Gilbert alikawia. "Baba yangu anaweza kukandika peke yake," alisema.

Jana Tuckwell alikuwa amesimama saa nzima Mtaa wa Kanisa akiwatazama vibarua wawili wa Gilbert huyuhuyu wakikandika ukuta wa duka. Mmoja alikuwa ndani, mwingine nje. Wa nje aliita "Sasa!" na wote wawili wakabandika tonge kwa wakati mmoja, wakisukumana kiganja kwa kiganja kupitia fito, maana ukibandika upande mmoja tu udongo unapenya na kuangukia upande wa pili. Aliwauliza kama mtu anaweza kuifanya kazi hiyo peke yake. Mmoja wao, mzee, alicheka mpaka akashika ngazi. Sasa hapa ameketi fundi bora wa jimbo zima, anamwambia jambo ambalo kibarua wake angelicheka.

Vipande vitatu vikubwa vya ukuta uliobomolewa vilikuwa vimeegemezwa kando, udongo ukiwa bado umeshikana na fito zake. Watu wa maabara walijali mifupa, vipande hivyo walivipiga picha tu na kuviacha. Vyote vitatu vilikuwa vimeonyesha uso wa ukumbini, wenye alama za viganja vipana vya mwanamume. Uso wa ndani, uliokuwa ukiitazama maiti, ulikuwa umegeuziwa ukutani.

"Sajenti, vigeuze hivyo."

Gilbert alisimama. "Vitavunjika."

"Vimevumilia miaka arobaini, Bwana Rudge. Vitavumilia na Sajenti."

Pryce aligeuza cha kwanza, akikibeba kama trei ya mayai. Uso wa ndani ulikuwa umejaa viganja pia, ila hivi vilikuwa vidogo na vyembamba, vilivyobonyezwa kwa nguvu, safu juu ya safu. Na katika kila kiganja cha kulia kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kama ndoano, hakikugusa udongo isipokuwa kwa ncha.

Gilbert alisogea akaweka kiganja chake kikubwa juu ya kimojawapo, taratibu, kama mtu anayepima unyevu. Hakukiondoa.

Tuckwell aliumia. Hakuwa mtu wa machozi, na miaka ishirini na mbili ya kazi ilikuwa imemkausha vya kutosha, lakini pale alikikumbuka kidole kile. Juzi alikuwa amekaribishwa chai na Nesta Rudge, mama yao hawa, bibi wa miaka themanini na moja. Alimwona akimimina birika huku kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kikiwa kimepinda na kusimama pembeni. Bibi aliona anatazamwa, akacheka. Watu wa mtaa huniita Malkia, alisema, wanadhani naringa. Kumbe kidole kilibanwa kwenye mashine ya kukamulia nguo alipokuwa na miaka saba, na hakikunyooka tena.

Basi walikuwa wawili. Mmoja alisimama ukumbini, mwingine alisimama ndani ya kijichumba, na mzigo wa shuka miguuni pake. Walipomaliza, wa ndani alipanda akatokea kwenye kidirisha kidogo kilichoachwa juu ya ukuta, mwisho wa ngazi, na kidirisha kikazibwa kwa ubao. Hilo Tuckwell aliliweka moyoni. Alimwachia Gilbert kiganja chake pale kilipo, akageukia roshani.

Roshani ilizunguka ukumbi kwa juu, futi kumi na nne kutoka kwenye sakafu ya mawe. Daktari wa maiti alisema shingo ilivunjika na kisogo kikapasuka, dalili za kuanguka kinyumenyume kutoka juu. Na hapakuwa na mahali pengine pa juu mle.

"Roshani hii mliitengeneza nyinyi kiangazi kile?"

"Baba na mafundi wake sita. Mimi nilikuwa mtoto wa mwisho kazini." Akatazama juu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu uso wake ukalegea. Kwao akina Rudge, alieleza, kuna desturi. Jengo likikamilika, kigingi cha mwisho hupigwa na mdogo kuliko wote, mbele ya watu, kisha inanywewa sida, pombe ya matofaa. Ijumaa ile, tarehe kumi na saba Agosti, zamu ilikuwa yake. Alikuwa na miaka kumi na sita. Kigingi alikichonga mwenyewe wiki nzima, akaandika herufi zake kichwani, G.R., akapanda jukwaa upande wa ukumbini na kukipiga mara tatu. Mji mzima ulipiga makofi. Dilys ndiye aliyepiga makofi kwa kelele kuliko wote, akiwa na viatu vyake vya zimamoto.

"Sijawahi kufurahi vile tena," Gilbert alisema. Alilisema hivihivi tu, kama mtu anayetaja saa.

"Nionyeshe kiungo chenyewe."

Walipanda. Boriti ya ukingo ilikutana na nguzo ya kona, na katikati ya kiungo palikuwa na kigingi. Tuckwell alikuwa ameshakiangalia jana na kioo. Alitaka Gilbert akione mwenyewe. Vigingi vyote vya roshani vilikuwa na vichwa vinene vilivyoelekea ukumbini na mikia myembamba iliyochomoza huku nyuma. Hiki kilikuwa kinyume. Kichwa chake kilikuwa huku nyuma, upande wa roshani.

Fundi hahitaji kuambiwa. Gilbert alipitisha kidole gumba juu ya kichwa kile kisicho na herufi, akarudia tena.

"Hiki si changu," alisema.

"Siku ya Jumamosi jukwaa lilikuwepo bado?"

"Lilishushwa Ijumaa jioni." Alielewa anakopelekwa. "Aliyekipiga hiki alikipigia huku kwa sababu kule mbele hapakuwa na pa kusimama. Jumamosi, basi. Changu kilitoka. Dilys aliegemea ukingo, na changu kikatoka."

"Sijasema hivyo."

"Kwa hiyo ni mimi. Miaka yote hii namtafuta aliyemuua." Aliketi sakafuni, mtu mzima yule, miguu mbele kama mtoto. "Nimemvunja mtu taya, Inspekta."

Ndani ya mkoba wa Tuckwell, katika mfuko wa plastiki wa ushahidi, kulikuwa na kitu kilichokutwa kwenye mkunjo wa shuka, ambacho Gilbert hakukiona. Angeweza kukitoa pale pale. Alitamani kukitoa. Lakini kulikuwa na mzee wa miaka themanini na minne ambaye lazima aulizwe kwanza, kabla hajaonywa na mtu, na kazi ya upelelezi wakati mwingine ni ukatili wa saa mbili.

"Nipe saa mbili," alimwambia. "Usiamini chochote kwa saa mbili tu. Unaweza?"

Pryce alipokuwa akishuka alijigonga tena, na hakuna aliyecheka.

*

Nyumba ya wazazi wa Gilbert ilikuwa mwisho wa uchochoro, nyuma ya kanisa. Nesta aliweka vikombe vinne mezani bila kuuliza kama wanakunywa. Ambrose Rudge alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao karibu na jiko, mikono ikimtetemeka kwa ugonjwa. Mikono hiyo ndiyo iliyosimamisha nusu ya mji, na sasa haikuweza kushika kijiko.

Tuckwell alimsomea haki zake. Hakulazimika kusema lolote, na atakachosema kitaandikwa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa maneno ambayo, kwa jinsi yalivyotoka laini, yalikuwa yamefanyiwa mazoezi miaka mingi.

"Nilimuua mimi. Tuligombana kwa ajili ya yule kijana wa pikipiki. Nilimsukuma, akaanguka. Nikamficha ukutani. Mke wangu hajui kitu, na mwanangu hajui kitu. Nifungeni."

"Uliukandika ukuta peke yako?"

"Peke yangu."

"Usiku au mchana?"

"Mchana. Jumamosi hiyohiyo. Watu walikuwa sokoni."

"Bwana Rudge, nani alikuwa upande wa ndani?"

Nesta akaweka birika chini.

"Nilikuwa mimi," alisema.

"Nesta."

"Wameviona vidole vyangu, Ambrose. Tangu huyu mama anitazame mkono juzi nilijua tumefika."

Tuckwell alimsomea naye haki zake. Bibi aliitikia kwa kichwa kama anayesomewa orodha ya dukani, kisha akaeleza, macho yakiwa kwenye kitambaa cha meza. Saa tatu asubuhi Ambrose alirudi nyumbani, uso mweupe kama unga. Walikwenda wote wawili. Dilys alikuwa amelala kwenye mawe, karibu na ufagio. Alikuwa na ufunguo, kwa sababu Jumapili wakubwa wa mji walikuwa wanakuja kuifungua nyumba, naye aliahidi kufagia. Nesta alirudi nyumbani mara moja tu, kuchukua shuka lake la harusi.

"Nilimkunja vizuri," alisema. "Nilimfunga hata kamba za viatu vyake, maana hakupenda zikining'inia. Kisha nikaingia naye mle ndani, kwenye pengo la kando ya dohani ambalo mafundi walikuwa hawajaliziba. Ambrose aliita 'sasa' kutoka nje, nami nikasukuma kutoka ndani. Sasa. Sasa. Ukuta ulivyopanda, mwanga ulipungua. Mwishowe sikumwona tena. Nilimgusa tu kwa mguu kujua kama yupo."

Pryce aliacha kuandika. Tuckwell hakumkemea.

"Kwa nini, Bi Rudge? Mtu akianguka anaitiwa daktari. Anazikwa."

"Kwa ajili ya Gil." Alitamka kama jambo ambalo kila mtu alilijua. "Kigingi chake kilivunjika. Mji mzima ulimwona akikipiga. Pangekuwa na uchunguzi, na mtoto wa miaka kumi na sita angesimamishwa mbele ya watu kuambiwa kwamba kazi ya mikono yake imemuua dada yake. Angejiua, Inspekta. Unamjua Gil? Mtoto aliyekuwa akilia akikanyaga konokono. Ambrose aliniambia, mmoja tumeshampoteza, tusipoteze wawili. Nikaona kweli. Miaka arobaini nimewaambia watu mwanangu alitoroka. Kila Krismasi Gil ananiuliza kama kuna kadi, namwambia hakuna."

"Na Terence Oakshott?" Tuckwell aliuliza. "Mlimwona akivunjwa taya mkanyamaza."

"Nalo nitalijibu," Nesta alisema, "kwa yule wa juu au kwa wewe, yeyote atakayeniuliza kwanza."

Tuckwell alifungua mkoba. Akatoa mfuko wa plastiki, akauweka katikati ya meza, kati ya vikombe. Ndani yake kulikuwa na kigingi cha mwaloni, urefu wa kiganja na nusu, cheusi kwa umri. Kichwani kilikuwa na herufi mbili zilizochongwa kwa uangalifu wa mtoto anayetaka kusifiwa.

Ambrose aligeuza uso. Nesta aliinama akakitazama.

"Hiki ndicho chenyewe?" aliuliza.

"Kilikuwa ndani ya shuka, kwenye mkunjo wa chini. Si wewe uliyekiweka."

"Mimi sijawahi kukiona." Alikisogeza kwa kidole chake kilichopinda. "Kimevunjika wapi?"

"Hakijavunjika popote."

Nesta alingoja.

"Kigingi kikishindwa na uzito, kinakatika vipande au kinapinda," Tuckwell alisema. "Hiki ni kizima na kimenyooka. Tazama mwisho wake mwembamba. Kuna alama ya duara, ndogo kama kifungo cha shati. Ni alama ya tindo butu. Mtu alisimama kwenye roshani, akaweka tindo kwenye mkia, akagonga mpaka kigingi kikatokea upande wa pili. Hakikutoka, Bi Rudge. Kilitolewa."

"Nani angekitoa?"

"Mafundi sita walihojiwa mwaka ule kwa ajili ya kutoweka kwa Dilys. Maelezo yao yako kwenye faili. Wote walisema kitu kimoja bila kujua kina maana gani. Ijumaa jioni waliondoka pamoja kwenda kunywa, wakamwacha mkuu wao nyuma. Alisema anafunga milango."

Nesta alimgeukia mumewe. Hakupandisha sauti. "Uliniambia kilivunjika," alisema.

Mikono ya mzee ilitetemeka juu ya magoti. Alijaribu kuikamata mmoja kwa mwingine. Alipoanza kusema, maneno yale laini ya mazoezi hayakuwepo tena, akawa anayatafuta moja moja. Kigingi kilikuwa kimekaa upande kidogo. Alikiona tangu watu wanapiga makofi. Akangoja wote waende, akakitoa, akachonga kingine hapa hapa jikoni usiku ule, kikiwa na herufi zilezile. Asubuhi angekipiga kabla mtoto hajaamka, na mtoto asingejua milele. Pini ya chuma ya kushikilia kiungo ilikuwa imeshapakiwa kwenye gari pamoja na vifaa vingine, akaona uvivu kuirudia. Ilikuwa ya usiku mmoja tu. Nani angepanda roshani usiku mmoja?

"Nilichelewa kwa kunywa chai," alisema. "Nilikuwa na kigingi mfukoni, nakunywa chai. Nilipofika alikuwa bado ana joto, Nesta. Sikuweza kukipiga kile chenye herufi. Nilikichoma motoni, nikachukua kingine kwenye ndoo. Kile cha kwanza nilikificha kwenye shuka lake."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Gilbert alikuwa amesimama hapo, na hakuna aliyejua amesimama tangu lini. Saa mbili alizoombwa zilikuwa hazijaisha. Aliingia na viatu vyake vya kazi juu ya sakafu safi ya mama yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya maishani, akauchukua mfuko wa plastiki mezani. Tuckwell alimwachia.

Alikitazama kichwa kwanza, zile herufi. Kisha akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ncha nyembamba, juu ya plastiki. Maabara walihitaji siku mbili kukisoma kigingi kile. Gilbert alikisoma kwa pumzi moja.

"Kilikuwa kibaya, baba?"

"Hapana." Mzee alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta. "Kilikaa upande kidogo tu. Kingeshika miaka mia."

"Sasa kwa nini ulikitoa?"

"Wakubwa walikuwa wanakuja Jumapili. Sikutaka mtu akione akucheke."

Gilbert aliitikia kwa kichwa, pole pole, mara nyingi. Alikirudisha kigingi mezani, akakilaza sawasawa na mstari wa ubao, kama afanyavyo fundi na kifaa cha mtu mwingine.

"Ningemzika," Nesta alisema. Alikuwa akimwambia Ambrose, lakini alitazama dirishani, ambako ulionekana ukuta wa makaburi ya kanisa. Ulikuwa karibu kiasi cha kurushia jiwe. "Hapo tu. Ningekuwa namwendea kila Jumapili. Nilimwacha gizani kwa sababu ya mtoto ambaye hakufanya kitu. Ungeniambia, ningekusamehe siku ileile. Nilikuwa nakupenda kiasi hicho."



Gilbert alichuchumaa mbele ya mama yake. "Jumatatu niliuona mkono wako," alimwambia. "Kabla sijawapigia polisi. Nikaugeuzia ukutani."

"Najua, mwanangu. Wewe ni wangu." Alimshika kichwa, vumbi la mwaloni likamwingia kwenye vidole. "Nina makosa kwako na kwa yule kijana Oakshott, na nitayabeba. Lakini leo nataka kumwona Dilys. Yuko wapi?"

Swali lilimwelekea Tuckwell. Alimjibu kwamba yuko katika chumba cha daktari wa maiti, mjini, na kwamba kisheria hakuna ruhusa mpaka maelezo yote yasainiwe. Halafu akavaa koti lake na kuchukua funguo za gari.

Nesta alisimama, akiegemea mkono wa Gilbert. Ambrose naye alianza kuinuka, akishika ukingo wa meza kwa mikono ile isiyoshika, vikombe vikagongana.

"Wewe kaa," Nesta alimwambia.

Akakaa. Sajenti Pryce alibaki kumlinda, akiwa amesimama chini ya boriti, kichwa ameinamisha. Nje gari liliwaka. Mzee alinyoosha mkono kuelekea kwenye kigingi, akaurudisha, akamuuliza Pryce kama anaruhusiwa kukishika. Pryce alimwambia hapana.